Nani atapanda mlima kwa ajili ya saratani ya ngozi?

Tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukipeleka watu Mlima Kilimanjaro, na hauwapeleki kutalii. Wapo wanaopanda kwa miguu kupitia lango la Machame, wapo wanaouzunguka mlima kwa baiskeli, na jasho lao ndilo linalowashawishi wafadhili kufungua mifuko. Fedha zinazopatikana huingia kwenye mapambano dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Shughuli hiyo, inayojulikana kama GGM Kili Challenge, huendeshwa na mgodi kwa kushirikiana na Tume ya Taifa ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS. Viongozi wa Serikali huja kuwaaga wapandaji na kuwapokea wanaporudi, na kampuni hutaja ahadi zao hadharani, mbele ya kamera.

Ukimwi ulichaguliwa kwa sababu inayoeleweka na kila aliyewahi kulala usiku mmoja Katoro au Nyarugusu. Penye machimbo pana vijana waliotoka mbali, pana fedha inayoingia leo na kuisha kesho, na pana baa hatua chache kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji. Mgodi uliuona ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wafanyakazi wake na majirani zake, ukasema tutapanda mlima kwa ajili ya huu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na umesaidia wengi.

Lakini ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Bukombe, Chato na Geita yenyewe, una ugonjwa mwingine unaoua watu wake taratibu, mchana kweupe, nao haujapata mlima wake. Ni saratani ya ngozi, na wanaoumia zaidi ni watu wenye ualbino. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini ninaamini ugonjwa huu unafaa kuchangiwa kwa miguu, kwa baiskeli na kwa kilele cha Uhuru, na kwa nini watu wa kwanza kuchangia wanapaswa kuwa sisi wenyewe tunaoishi juu ya dhahabu hii.

Njia kutoka darasani hadi jeraha

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa uwiano wa wakazi wake. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni mtu mmoja katika kila watu 1,400, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika kila watu kati ya 17,000 na 20,000. Mtoto huzaliwa na ualbino anaporithi kasoro ileile ya vinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, hata kama wote wawili ni weusi tii. Anachokosa ni melanini, rangi inayoikinga ngozi na mionzi ya jua. Na jua la huku si la kubembeleza. Geita na Shinyanga ziko kusini kidogo tu ya ikweta, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa miezi mingi anga ni jeupe, halina wingu la kumsitiri mtu.

Mwaka 1985, daktari Jeff Luande na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Waligundua kwamba dalili za ngozi kuharibiwa na jua zilionekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Yaani mtoto kabla hajajua kutembea, akiwa bado mgongoni kwa mama yake shambani, jua limeshaanza kazi yake.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaliunganishi na saratani, nalo ni macho. Ualbino hupunguza uwezo wa kuona. Macho huchezacheza, mwanga mkali huyaumiza, na maandishi ya ubaoni hayasomeki hata mtoto akikaa dawati la mbele. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani hana muda wa kumfuata kila mmoja. Mtoto huyu huonekana mzito wa kuelewa, hurudia darasa, kisha huacha shule. Akishaacha shule, kazi zinazomsubiri katika ukanda huu ni zipi? Ni kulima pamba, kuchunga ng'ombe, kuuza nyanya mnadani, au kwenda machimboni. Zote ni kazi za juani. Njia inayoanzia kwenye ubao usiosomeka huishia kwenye jeraha la sikio miaka 15 baadaye, na ndiyo maana nasema miwani ya mtoto wa darasa la pili nayo ni kinga ya saratani.

Nenda kwenye mwalo wowote wa wachimbaji wadogo, Mgusu au Rwamgasa, utaona kazi inavyofanyika. Mawe yakitoka kwenye duara hupondwa kwanza kwa nyundo yapate kuingia kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Waponda mawe wengi ni wanawake. Hukaa chini, miguu wameinyoosha, rundo la mawe likiwa mbele yao, na kivuli ni kipande cha turubai kama mwenye eneo amejali. Malipo ni kwa ndoo au kwa kiroba, kwa hiyo hakuna anayesimama saa sita kukimbia jua, kwani kusimama ni kupoteza ndoo. Kwa mwanamke mwenye ngozi nyeusi hiyo ni kazi ngumu tu. Kwa mwenye ualbino, ni kukaa miaka mitano au kumi mbele ya kitu ambacho madaktari wanamwambia akikwepe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Ugonjwa wenyewe hauji ghafla. Ngozi hubabuka na kupona, hubabuka tena na kupona. Baadaye hutokea sehemu ngumu zenye magamba usoni, kwenye masikio, kwenye mdomo wa chini, nyuma ya shingo na kwenye mikono. Ukizipapasa zinakwaruza. Hapo bado si saratani, na hapo ndipo tiba ni rahisi kupita kiasi. Mtaalamu wa ngozi huja na chupa ya nitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, anapuliza mvuke mweupe juu ya lile gamba kwa sekunde chache, ngozi inakuwa nyeupe kama iliyoganda barafu, mgonjwa anakunja uso kwa maumivu, kisha anavaa kofia yake na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Asipopata huduma hiyo, gamba huwa kidonda, kidonda hukataa kupona, na kile kilichohitaji sekunde chache sasa kinahitaji chumba cha upasuaji na wiki kadhaa za mionzi.

Wagonjwa 64 wa Bugando

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ndiyo kimbilio la wagonjwa wa Shinyanga na Geita. Mwaka 2012 madaktari wake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa pale saratani ya ngozi katika kipindi cha miaka kadhaa. Nimeurudia uchambuzi ule mara nyingi, na kila mara zinanikaba takwimu chache zilezile.

Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 30. Watu wenye ngozi nyeupe huko Ulaya huugua saratani za aina hii wakiwa wazee. Hapa wanaougua ni vijana, wengine wana watoto wanaonyonya. Zaidi ya asilimia 70 walikuwa na jeraha kichwani au shingoni. Muda wa kati kati ya kuanza kwa ugonjwa na siku mgonjwa alipofika hospitali ulikuwa miezi 24. Miaka miwili ya kufunika kidonda kwa kanga, kupaka dawa ya dukani, kwenda kwa mganga, kusubiri pamba iuzwe. Sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa fedha. Hawakuwa wajinga wala wazembe, walikosa nauli na gharama za matibabu. Kisha ikaja takwimu ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: wagonjwa 27 kati ya 64 hawakumaliza matibabu kwa kukosa fedha.

Wagonjwa 27 walishafika. Walishashinda woga, wengine wakavuka ziwa, wakapata kitanda, wakaonwa na daktari bingwa. Wakaishia njiani kwa sababu mfuko umekauka. Enzi hizo tiba ya mionzi ilimaanisha kusafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kukaa huko kwa wiki kadhaa, kula na kulala kwa gharama yako, huku nyumbani shamba likiota majani.

Hali imebadilika kwa kiasi fulani, na ni haki kulisema hilo. Bugando sasa ina huduma ya mionzi. Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, na mgonjwa wa Geita hahitaji tena kusubiri kivuko kwenye foleni ya malori ili afike Mwanza. Lakini daraja halilipi chumba cha kulala Mwanza kwa mwezi mzima, wala halimlishi ndugu anayemuuguza. Kilichowarudisha nyumbani wale 27 bado kipo, na hicho ndicho mchango unaweza kukiondoa.

Isidhaniwe kwamba saratani ya ngozi ni ya wenye ualbino peke yao. Madaktari hao wa Bugando walichapisha pia, mwaka huohuo, habari za wagonjwa 56 ambao saratani yao iliota kwenye makovu na vidonda vya zamani, hasa makovu ya moto, na mara nyingi miguuni. Mtoto aliyeangukia jiko la mafiga akiwa na miaka mitatu anaweza kuugua saratani ya kovu lile akiwa mtu mzima. Na hapa kwenye miamba ya dhahabu kuna jambo la ziada. Watafiti wamekuta aseniki katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda wa Geita kwa kiwango kinachozidi mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Aseniki hutoka kwenye miamba ileile inayobeba dhahabu, na kunywa maji yake kwa miaka mingi ni moja ya visababishi vinavyojulikana vya saratani ya ngozi, kwa mtu wa rangi yoyote. Suala hilo linastahili makala yake. Nimeligusa ili msomaji mwenye ngozi nyeusi asifunge gazeti akidhani hayamhusu.

Waliotangulia kupanda

Wazo la kupanda mlima kwa ajili ya watu wenye ualbino halitoki kichwani kwangu. Josephat Torner, mwanaharakati wa Tanzania mwenye ualbino, alizunguka vijiji vya Kanda ya Ziwa wakati mauaji ya watu wenye ualbino yamepamba moto, akisimama mbele ya watu na kuwauliza ana kwa ana wanamwonaje. Alipanda pia Kilimanjaro. Safari zake zimo katika filamu ya mwaka 2012 ya Mwingereza Harry Freeland, In the Shadow of the Sun. Freeland baadaye alianzisha shirika la Standing Voice, ambalo limekuwa likishirikiana na wataalamu wa ngozi kupeleka kliniki za kuzuia saratani kwa watu wenye ualbino mikoani.

Oktoba 2018 walikuja wanawake. Walitoka Kenya, Nigeria, Senegali, Zimbabwe, Afrika Kusini na hapa Tanzania, wote wana ualbino, wakaushika mlima pamoja. Miongoni mwao alikuwemo Jane Waithera wa Kenya, na Mariamu Staford wa kwetu, ambaye mwaka 2008 alivamiwa usiku na kupoteza mikono yote miwili. Mtu asiye na mikono hana cha kushikia fimbo za kupandia, na akijikwaa hana cha kujikingia. Hata hivyo alikwenda.

Aliyepanda Kilimanjaro anajua kwamba jua la mlimani ni kali kuliko la bondeni, ingawa unatetemeka kwa baridi. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayoipiga, ikakuchoma kidevu na chini ya pua, mahali ambapo kofia haifiki. Kwa mtu mwenye ualbino huo si mchezo. Anapaka mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa mbili, anafunika shingo, anavaa glavu hata kunapokuwa na joto, na miwani ya giza haiondoki usoni. Macho yake hayaoni vizuri jiwe lililo mbele, kwa hiyo humfuata mwongozaji hatua kwa hatua. Ajabu ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote ndiyo inayompa nafuu kidogo. Wapandaji wengi huondoka kambi ya mwisho karibu na saa sita usiku, wakatembea gizani kwa taa ya kichwani hadi ukingo wa kreta, wakafika Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza au likiwa limechomoza punde. Kwa saa zote hizo jua halipo, na giza linamfanya kila mpandaji aone hatua moja tu mbele yake, kama yeye anavyoona siku zote.

Na chini ya mlima huohuo, mjini Moshi, ndipo inapotengenezwa kinga. Katika hospitali ya KCMC kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo mfamasia Mhispania, Mafalda Soto Valdés, alianzisha utengenezaji wa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, yakapewa jina la Kilisun. Yanatengenezwa na Watanzania, yametafutiwa mchanganyiko unaofaa jua letu, na hugawiwa kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Kwa hiyo mlima, mafuta na wataalamu vyote tunavyo hapahapa nchini. Tulichopungukiwa ni fedha za kuifikisha chupa ile kijijini Bukombe kila baada ya miezi michache, bila kukatika, maana mafuta ya mara moja kwa mwaka hayakingi mtu.

Deni la dhahabu

Sasa niseme lisilopendeza. Watu wenye ualbino wa ukanda huu hawakuumizwa na jua peke yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 waliwindwa, na biashara ile ya kishetani ilitegemea uongo wa waganga kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri machimboni na ziwani. Hadi mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeorodhesha zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa. Hukumu ya kwanza ilitolewa Kahama, Septemba 2009, wanaume watatu wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Serikali ikalazimika kuwakusanya watoto kwenye vituo vyenye ulinzi, na mamia wakapelekwa Buhangija, mjini Shinyanga, shule iliyokuwa ikihudumia watoto wasioona na wasiosikia. Kuna watoto waliokulia pale bila kumwona mama kwa miaka.

Hofu ile iliongeza saratani kwa njia ambayo haisemwi sana. Mama aliyeogopa kumtoa mtoto nje hakumpeleka kliniki. Mtu mzima mwenye kidonda aliogopa kupanda basi peke yake kwenda Mwanza. Miezi 24 ya kuchelewa ndani yake ina umaskini, na ina pia woga wa barabarani.

Ndiyo maana nasema ukanda wa dhahabu una deni. Mgodi mkubwa haukuhusika na mauaji yale, na wachimbaji wadogo walio wengi mno ni watu wa heshima wanaotafuta riziki. Ila jina la dhahabu ndilo lililotumika kuhalalisha damu ile, na wenye dhahabu wakisimama hadharani, wachimbaji, wanunuzi na kampuni pamoja, wakasema tunatoka jasho kwa ajili ya ngozi ya jirani yetu mwenye ualbino, watakuwa wamemjibu mganga mwongo kwa lugha anayoielewa kila mtu machimboni. Mchimbaji aliyeendesha baiskeli siku nzima bega kwa bega na kijana mwenye ualbino hatakubali kuambiwa kwamba kijana yule ni hirizi.

Baiskeli kwanza

Kuna watakaouliza, na swali lao ni halali: kupanda Kilimanjaro ni ghali. Kuna ada za hifadhi, wapagazi, waongozaji, chakula cha karibu wiki nzima. Kwa nini fedha hizo zisinunue mafuta moja kwa moja? Jibu langu ni kwamba gharama za kupanda zisiguse hata senti ya mchango. Anayepanda ajilipie au alipiwe na mwajiri wake, na kila shilingi iliyochangwa na umma iende kwa mgonjwa. Utaratibu huo ukikosekana, ni heri tubaki nyumbani.

Lakini pia si lazima tuanzie mlimani. Usukuma ni nchi ya baiskeli. Shinyanga baiskeli imebeba abiria, magunia, maji, maziwa na maharusi, na mbio zake hukusanya watu kandokando ya barabara kuliko mkutano wowote wa siasa. Vijana wanaoshinda mbio hizo wengi hujifunza kwa kusomba mizigo. Mbio za kutoka Shinyanga hadi Bugando, kilomita zaidi ya 160, haziwatishi. Nyingine zianzie Geita, zipite Sengerema na kuvuka daraja jipya, zikutane na za Shinyanga kwenye kilima cha Bugando, penye wodi yenyewe. Ziondoke alfajiri, na wenye ualbino wapewe kipande cha kwanza kabla jua halijapanda, kisha wapokewe na wenzao kwa zamu. Kila mshiriki, awe mweusi au mweupe, avae kofia pana na mikono mirefu, ili siku hiyo mtoto mwenye ualbino asiwe peke yake aliyevaa hivyo barabarani.

Nchi hii imeshaona jambo kama hili likifanikiwa. Mbio za NBC Dodoma zimechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Ocean Road. Mbio za CRDB zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mkimbiaji analipa ada, anapata fulana, anajua kabisa fedha yake inakwenda kwa nani. Saratani ya ngozi inahitaji uwazi wa aina hiyo. Mimi ningependa akaunti iwe na majukumu machache: mafuta ya mwaka mzima, nauli na malazi ya mgonjwa hadi amalize dozi ya mwisho ya mionzi, na safari za kliniki hadi ngazi ya kata. Miwani na kofia za shule zisisahaulike. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kilichoanza mwaka 1978, kiwe mezani tangu kikao cha kwanza, kikiwa na sauti katika matumizi ya fedha, na hesabu zibandikwe ukutani Bugando na kusomwa redioni.

Waandaaji wajiepushe na kosa moja linalofanywa mara nyingi kwenye harambee. Usimlete mtoto mwenye jeraha jukwaani ili watu waone huruma na kutoa. Mlete akiwa amevaa namba ya mshiriki, au amtume kaka yake mwenye nguvu ampandishie Uhuru bendera yake. Torner na wale wanawake wa 2018 walituonyesha kwamba mtu mwenye ualbino anaweza kuwa yule anayechangisha, na wengine wakamfuata nyuma.

Siku ya Kimataifa ya Uelewa Kuhusu Ualbino ni Juni 13, na ilianza kuadhimishwa mwaka 2015. Ni kipindi cha kiangazi, barabara ni kavu, pamba inavunwa na mifuko ina chochote. Wakuu wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaweza kuitangaza siku hiyo kuwa siku ya mbio. Mgodi wa Geita, wenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20 wa kuandaa wapandaji, unaweza kuwapa waandaaji watu wa kuwafundisha kazi. Vyama vya wachimbaji wadogo viandikishe timu, duara kwa duara. Wanunuzi wa dhahabu wa masoko ya madini ya Geita na Kahama wachangie kwa kila kilomita.

Na wewe unayesoma, usingoje kuitwa kwenye kikao. Kama nyumbani kwako, mtaani au shuleni kwako yupo mtu mwenye ualbino, mwangalie leo kwenye mdomo wa chini, masikioni na nyuma ya shingo. Ukiona gamba gumu linalokwaruza, au kidonda kilichopitisha mwezi bila kupona, mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii akaandikiwe rufaa ya Bugando, na kama hana nauli, mchangieni majirani kabla gamba hilo halijawa jeraha la upasuaji.